Kaakaa likiwa wazi, sikio huumwa kimyakimya

Karibu kila mtoto anayezaliwa na kaakaa wazi hupata ugonjwa wa sikio la kati kabla hajatimiza mwaka, na mara nyingi ni masikio yote mawili. Halii kwa maumivu. Hatoi usaha. Kwenye kadi yake ya kliniki hakuna aliyeandika neno lolote kuhusu masikio, kwa sababu mawazo ya wote, kuanzia mama na bibi hadi muuguzi na daktari wa upasuaji, yako mdomoni: atanyonyaje, ataongezeka uzito lini, atashonwa lini. Wana haki ya kuwaza hivyo, maana mtoto asiyeweza kunyonya yuko hatarini leo hii. Lakini wakati wote huo mtoto anasikia nusunusu, tena katika miezi ileile ambayo ubongo wake unakusanya sauti za lugha ya nyumbani kwao.

Duniani, takriban mtoto 1 kati ya 700 huzaliwa na mpasuko wa mdomo, wa kaakaa, au wa vyote viwili. Kwa upande wa masikio, ni muhimu sana kujua ni mpasuko upi. Mtoto mwenye mdomo sungura peke yake, ambaye kaakaa lake ni zima, masikio yake kwa kawaida ni kama ya watoto wengine. Shida huanza mpasuko unapofika kaakaani, hasa kwenye kaakaa laini, ile sehemu ya nyuma isiyo na mfupa ambayo kimeo (wengine husema kilimi) kinaning'inia mwishoni mwake. Na huo ndio mpasuko unaopita bila kuonekana. Uso wa mtoto hauna kasoro, anaruhusiwa kutoka wodi ya wazazi, na wiki kadhaa baadaye mama anajiuliza kwa nini maziwa yanatokea puani. Kupapasa kwa kidole hakutoshi. Ulimi ushushwe kwa kijiti, tochi iwashwe, kaakaa litazamwe mpaka ncha ya kimeo.

Msuli usio na pa kujishikiza

Sikio na kaakaa vinahusianaje? Sikio la kati ni chumba kidogo cha hewa kilicho nyuma ya ngoma ya sikio. Ndani yake kuna mifupa mitatu midogo, nyundo, fuawe na kikuku, inayopokea mtikisiko wa ngoma na kuupeleka sikio la ndani. Ili ngoma itikisike vizuri, mgandamizo wa hewa ndani ya chumba hicho unapaswa kulingana na wa nje. Lakini utando uliokitandika chumba hicho hufyonza hewa polepole, usiku na mchana, kwa hiyo hewa mpya lazima iingie kila mara.

Njia ya kuingilia ni moja tu: mrija unaotoka sikio la kati na kufungukia nyuma ya pua, juu kidogo ya kaakaa laini. Huitwa mrija wa Eustachi, kwa jina la Bartolomeo Eustachi, mwanaanatomia wa Italia wa karne ya 16. Muda mwingi mrija huu umefungwa. Hufunguka kwa kitambo kifupi tunapomeza au kupiga miayo, na ndiyo maana abiria wa basi linalopanda kwenda Lushoto humeza mate masikio yakizibuka. Haufunguki wenyewe. Unavutwa na msuli mmoja, msuli mkaza kaakaa, ambao unaanzia ubavuni mwa mrija, unazunguka ndoano ndogo ya mfupa, kisha unaingia kaakaani na kukutana katikati na mwenzake wa upande wa pili.

Kwa mtoto mwenye kaakaa wazi, katikati hapo hapapo. Msuli upo, lakini hauna pa kujishikiza sawasawa, hivyo ukijikunja hauvuti kwa nguvu inayotakiwa. Jirani yake, msuli unaoinua kaakaa, nao umekaa vibaya: badala ya kukatiza kutoka upande mmoja hadi mwingine, umelala kuelekea mbele na kujibandika kwenye ukingo wa kaakaa gumu. Zaidi ya hayo, gegedu la mrija wenyewe kwa watoto hawa mara nyingi halikuumbika vizuri. Kwa hiyo mtoto humeza mamia ya mara kwa siku na mrija haufunguki inavyopaswa.

Hewa iliyomo inaendelea kufyonzwa bila kufidiwa. Ukiinyonya hewa yote kwenye chupa ya maji ya plastiki, kuta zake hubonyea kwa ndani, na ngoma ya sikio nayo huvutwa ndani namna hiyo. Utando wa chumba nao huanza kutoa majimaji yanayojaza nafasi iliyoachwa na hewa. Mwanzoni majimaji hayo ni mepesi. Baada ya miezi yanageuka ute mzito, unaonata na kuvutika, ambao daktari akiufyonza kwa mashine hutoka kwa taabu. Vijidudu si lazima viwepo ndipo haya yatokee, ingawa vikifika hukuta mahali pazuri pa kuzaliana. Ndiyo maana kumpa mtoto huyu antibayotiki kila mwezi ili kukausha maji ya sikio ni kupoteza dawa: dawa haiwezi kuufunga msuli mahali pake.

Uchanga wenyewe unaongeza tatizo. Mrija wa mtoto mchanga una urefu wa takriban nusu ya ule wa mtu mzima, tena umelala karibu na usawa, wakati wa mtu mzima umeinama. Maziwa yanayopanda nyuma ya pua kupitia mpasuko yanaufikia mlango wake kwa urahisi.

Miaka karibu 90 ya kutojua

Kwamba kaakaa na sikio vina uhusiano kulijulikana zamani. Mwaka 1878 daktari Adolf Alt aliandika kuhusu mgonjwa aliyehesabiwa kuwa bubu na kiziwi, ambaye usikivu wake ulirudi baada ya kutibiwa usaha wa masikio na mpasuko wa kaakaa. Hata hivyo, kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba masikio huja kuumwa baadaye, mtoto akishakua. Wachanga walidhaniwa wazima.

Dhana hiyo ilivunjwa na watu waliochukua muda kutazama. Mwaka 1967, Sylvan Stool na Peter Randall wa Philadelphia walieleza jinsi walivyofungua ngoma za masikio za wachanga wenye kaakaa wazi na kukuta ute ambao hawakuutarajia. Mwaka 1969, Jack Paradise na Charles Bluestone, pamoja na mwenzao, walichapisha matokeo ya wachanga 50 waliochunguzwa huko Pittsburgh: ugonjwa wa sikio la kati ulikuwa karibu kwa wote, kiasi kwamba waliuita wa jumla, yaani usiomwacha mtoto. Walichofanya tofauti na waliowatangulia hakikuwa muujiza. Njia ya sikio la mchanga ni nyembamba, ngoma yake imelala kwa mshazari, na kuitazama tu hakutoshi. Wao walitumia otoskopu, kifaa chenye taa cha kutazamia ndani ya sikio, yenye kipira cha kupulizia hewa, wakaangalia kama ngoma inacheza. Ngoma yenye hewa nyuma yake hucheza. Yenye ute nyuma yake hukaa tuli.

Hilo ninalisisitiza kwa sababu kipira hicho ni cha bei ndogo na hakihitaji umeme, lakini katika vituo vyetu vingi otoskopu yenyewe ni ya kutafutwa, na kipira chake ni nadra zaidi.

Anavyosikia mtoto huyu

Ute nyuma ya ngoma kwa kawaida hupunguza usikivu kwa desibeli 20 hadi 40. Mnong'ono ni karibu desibeli 30, na mazungumzo ya kawaida karibu na mtu ni kama 60. Basi mtoto huyu si kiziwi. Anamsikia mama anayemwimbia akiwa amembeba. Hamsikii vizuri shangazi anayemwita kutoka jikoni, na zile sauti nyepesi kama s, f na t humpotea katikati ya neno.

Hapa ndipo familia nyingi hudanganyika bila kosa lao. Mtu akiwa na wasiwasi kuhusu masikio ya mtoto hupiga makofi nyuma yake, au huangusha sufuria, na mtoto hugeuka. Bila shaka atageuka! Kofi ni sauti kubwa kuliko upungufu wake. Jaribio hilo linaweza kukuonyesha kiziwi kabisa, lakini haliwezi kukuonyesha mtoto aliyepungukiwa desibeli 30. Isitoshe, usikivu wake hupanda na kushuka. Wiki hii anaitika, wiki ijayo haitiki, na watu wazima wanaanza kusema ni mkaidi.

Kwa mtoto mwingine yeyote upungufu huu ungekuwa kero ya kupita, kwa sababu maji ya sikio kwa watoto wengi huisha yenyewe ndani ya miezi 3. Kwa mwenye kaakaa wazi hukaa miaka, na hukutana na tatizo la pili. Herufi m na n hupita puani, kwa hiyo anazitamka bila taabu. P, b, t, d, k na g zinahitaji hewa ibanwe mdomoni kwanza, na kwake hewa inavuja. Atasema "mama" vizuri. "Baba", "dada", "kaka" na "bibi" zitatoka zimelegea, zikielekea puani. Kinywa chake hakiwezi kuzitoa sauti hizo, na sikio lake halimletei mfano ulio wazi wa kuigiza. Kaakaa likishashonwa, familia hungoja maneno yanyooke. Yakichelewa, lawama huenda kwenye mshono, wakati pengine tatizo lililobaki liko sikioni.

Nyavu zenye matundu makubwa

Zahanati nyingi za Afrika Mashariki humpima mtoto mgonjwa kwa IMCI, mwongozo wa kimataifa wa kutambua na kutibu magonjwa ya utotoni. Ni mwongozo mzuri, na umeokoa maisha ya watoto wengi. Kwenye sikio, tabibu anauliza: je, mtoto ana tatizo la sikio? Anaumwa sikio? Anatoka usaha, na kwa muda gani? Kisha anaangalia uvimbe nyuma ya sikio. Usaha wa chini ya siku 14 unahesabiwa maambukizi ya ghafla, wa siku 14 au zaidi unahesabiwa sugu. Mtoto asiye na maumivu, usaha wala uvimbe huandikwa hana maambukizi ya sikio.

Maji ya kimya hupita katikati ya maswali hayo yote. Maoni yangu ni kwamba mtoto mwenye kaakaa wazi asipimwe kwa wavu huo. Kwake swali ligeuzwe: ahesabiwe kuwa na maji masikioni mpaka mtu aliyepima aonyeshe kwamba hana. Kipimo cha kuanzia cha usikivu kinafaa kufanywa katika wiki za mwanzo za maisha, kisha kirudiwe kila baada ya miezi michache hadi umri wa shule. Timpanometa, kifaa kinachopima jinsi ngoma inavyopokea mgandamizo, husaidia sana, lakini kwa mtoto wa chini ya miezi 6 lazima kitumie sauti ya juu ya hezi 1000, kwa sababu ile ya kawaida ya hezi 226 inaweza kuonyesha sikio lililojaa kuwa zima. Panapokuwa na uwezo, upimwe pia mwitiko wa neva ya usikivu mtoto akiwa amelala. Baadhi ya watoto hawa wana hali nyingine za kuzaliwa nazo, kama ya Stickler au Treacher Collins, ambazo zina namna zake za kuathiri sikio.

Maziwa, sindano na grometi

Kinga ya kwanza iko kifuani mwa mama. Wachanga wengi wenye kaakaa wazi hawawezi kunyonya moja kwa moja, kwa sababu hawawezi kuvuta, lakini maziwa yakikamuliwa na kutolewa kwa kikombe, kijiko au chupa laini inayominywa, bado ni maziwa ya mama. Paradise na wenzake walichapisha mwaka 1994 kwamba wachanga wenye kaakaa wazi waliopewa maziwa ya mama, hata kwa kiasi, walikuwa na vipindi vingi zaidi vya masikio yasiyo na maji kuliko waliopewa maziwa ya kopo pekee. Kukamua kila baada ya saa chache ni kazi ngumu, na mama anayeifanya anahitaji mtu wa kumshikia kazi nyingine za nyumbani. Mtoto alishwe akiwa amekaa wima, si amelala chali. Na hakuna cha kudondoshea sikioni: si mafuta ya moto, si maji ya kitunguu, si maziwa yenyewe. Maji yako nyuma ya ngoma, na kitu kinachomiminwa mbele yake hakiyafikii.

Kisha upasuaji. Kaakaa kwa kawaida hushonwa mtoto akiwa na miezi 6 hadi 18. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi kadhaa za Ulaya na Brazili, uliolinganisha upasuaji wa miezi 6 na wa miezi 12 kwa wachanga 558 wenye mpasuko wa kaakaa pekee. Walioshonwa mapema walikuwa na matamshi bora walipofika miaka 5. Ni habari njema, ila ilitoka kwenye hospitali zenye wataalamu wa dawa ya usingizi kwa wachanga. Kwetu, uzito na damu ya mtoto huamua tarehe kuliko kalenda. Daktari mzuri hafungi tundu tu. Huitafuta misuli, huing'oa ilikojibandika vibaya, na kuikutanisha katikati. Mrija hufaidika kwa watoto wengi, lakini faida yenyewe huja taratibu, kwa miaka, na kwa baadhi haiji. Kushonwa kaakaa hakumalizi ugonjwa wa sikio.

Kuhusu grometi kuna mabishano ya kweli. Grometi ni kijirija kidogo kinachopachikwa kwenye ngoma ya sikio ili hewa iingie kwa mlango wa mbele, kwa kuwa mlango wa nyuma umekwama. Beverly Armstrong wa Marekani ndiye aliyekirudisha katika matumizi mwaka 1954. Kikiwekwa, usikivu hurudi mara moja, na kijirija kwa kawaida hukaa miezi 6 hadi 12 kisha hudondoka chenyewe. Kundi la Pittsburgh lilitetea kuwawekea watoto hawa mapema, karibu wote. Wengine walihoji: mtoto mwenye kaakaa wazi atahitaji grometi tena na tena, na kila awamu inaongeza uwezekano wa usaha, kovu na tundu lisiloziba kwenye ngoma. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2008 ulichukua njia ya kati: grometi isiwekwe kwa mazoea siku ya kushona kaakaa, iwekwe baada ya kupima masikio na usikivu kwa makini, kwa mtoto ambaye upungufu wake hauondoki, na itolewe kama chaguo badala ya vifaa vya kusaidia kusikia.

Nani yuko sahihi hapa kwetu? Watoto wengi wa ukanda huu hushonwa bure kwa msaada wa mashirika kama Smile Train, katika hospitali kama CCBRT Dar es Salaam, Kijabe nchini Kenya au CoRSU nchini Uganda, na baadhi husafiri siku nzima kufika. Mtoto ameshalazwa, ameshapewa dawa ya usingizi. Kutazama masikio yake kwa darubini saa hiyohiyo huchukua dakika chache, na naona ni hasara kubwa kumwamsha bila kuyatazama. Lakini grometi inahitaji mtu wa kuifuatilia. Ikianza kutoa usaha kijijini, ambako daktari wa masikio, pua na koo aliye karibu yuko mkoa mwingine, mama anapaswa kujua la kufanya: kukausha sikio kwa utambi wa kitambaa safi mara 3 au zaidi kwa siku, na kutumia matone ya siprofloksasini kama alivyoandikiwa. Kama maelekezo hayo hayawezi kutolewa na kueleweka, kifaa cha kusaidia kusikia, au hata kumzoesha kila mtu nyumbani kumsogelea mtoto na kuongea naye uso kwa uso, kinaweza kuwa chaguo salama zaidi kwa kipindi fulani.

Kimeo na nyama za pua

Kuna mpasuko mwingine ambao hata tochi inaweza kuukosa. Ngozi ya kaakaa imeungana, lakini misuli chini yake haikukutana. Dalili zake zinazoonekana ni tatu: kimeo kilichogawanyika ncha mbili, mstari mwembamba unaong'aa katikati ya kaakaa laini, na pengo dogo linalopapasika mwisho wa kaakaa gumu. Mtoto huyu naye anaweza kupata maji ya sikio kwa sababu ileile ya msuli.

Mambo mawili yanayofanyika sana kwetu humwumiza hasa yeye. La kwanza ni kukata kimeo, kwa imani kwamba ndicho kinacholeta kikohozi na kutapika. Mbali na hatari ya kutokwa damu na maambukizi, wembe ule unaondoa alama ambayo ingemwambia daktari tatizo liko wapi. La pili ni upasuaji wa nyama za pua (adenoidi), zile zilizo nyuma ya pua, juu ya kaakaa laini. Kwa watoto wengi wenye maji masikioni ni tiba halali. Kwa mwenye kaakaa fupi au lenye mpasuko uliofichika, nyama hizo ndizo zilizokuwa zikisaidia kuziba njia kati ya koo na pua. Zikiondolewa zote, anaweza kuamka na king'ong'o ambacho hakuwa nacho. Kabla ya kukubali upasuaji huo, mzazi ana haki ya kuuliza: kaakaa la mwanangu limetazamwa na kupapaswa?

Wengi hupata nafuu ya masikio kadiri wanavyokua. Wachache hubaki na ngoma iliyovutwa ndani kama mfuko kwa miaka, na katika mfuko huo ngozi hunasa na kuanza kuota ndani ya sikio la kati. Uvimbe huo, kolesteatoma, hula nyundo, fuawe na kikuku, na ukiachwa unaweza kula mfupa unaolitenga sikio na ubongo. Dalili yake ni usaha kidogo usiokauka kwa matone, wenye harufu mbaya, pamoja na usikivu unaozidi kushuka. Mtoto au kijana mwenye dalili hizo apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo, na daktari aambiwe kwamba alizaliwa na kaakaa wazi, hata kama lilishonwa miaka 10 iliyopita na kovu lake halionekani tena.